Walimu wa Kiingereza, nani kawaambia kila kielezi kinaishia na -ly?

Wakuu, leo nimechefukwa na sitazunguka.

Mwanangu yuko darasa la sita, shule ya mchepuo wa Kiingereza, ada tunalipa kwa kujibana. Jana nimekagua daftari lake. Kaandika "My mother works hard". Mwalimu kapiga kosa kwa wino mwekundu, juu yake kaweka "hardly". Yaani mtoto kasema mama yake anachapa kazi, mwalimu kamgeuzia sentensi, sasa mama karibu hafanyi kazi kabisa! Na mtoto keshafanya masahihisho, keshakariri uongo.

Chanzo ni ile kanuni yao ya mkia, eti kila kielezi (adverb, neno linaloelezea kitendo) lazima kiishie na -ly. "Fast" ni kielezi na haina -ly. "Friendly" ina -ly na ni kivumishi (adjective), kinaelezea nomino. Ukichelewa umefika "late". "Lately" ni siku hizi za karibuni. Kielezi kinajulikana kwa kazi yake kwenye sentensi, basi.

Ukurasa uleule: "He fell down". Mtoto kaandika "down" ni kielezi. Kosa tena! Kisa kwenye chati ya ukutani iko upande wa vihusishi (prepositions). Jamani, "down the hill" ndiyo kihusishi, kina nomino yake mbele. Kwenye "fell down" hakuna nomino inayofuata, neno linaelezea kuanguka tu. Mtoto alipata!

Na hivyo vihusishi vyenyewe, kila mwaka picha ileile: mpira juu ya meza, mpira chini ya meza, mpira ndani ya boksi. Mtihani ukija wanaulizwa "good at", "afraid of", "depend on". Mpira utamsaidia nini hapo? Vihusishi vya namna hiyo hufundishwa pamoja na neno lake, mtoto aseme, asome, aandike mpaka vimkae mdomoni. Sisi tunasema shuleni, mezani, chumbani, -ni moja inamaliza kazi. Akikutana na "at", "on" na "in" lazima abahatishe kama hajaonyeshwa tofauti, na wa kumwonyesha kazi yake kumfokea.

Nimempigia mwalimu wa taaluma, ananijibu wanafuata kitabu. Nikamwomba anitajie ukurasa, kakata simu.

Nataka alama za mtoto zirudishwe na darasa zima lifundishwe upya mada hii. Wazazi wenye madaftari ya namna hii tupieni picha hapa, ficheni jina la mtoto na la shule.