Tupeane uzoefu: Ndege gani wa msituni alishawahi kukuchanganya kwa sauti yake?

MpigaFito:
Wakuu habari za jioni, mvua imetubana ndani huku Lindi nikaona bora tupige stori. Sisi watu wa kusini tumezaliwa na misitu mgongoni, Rondo, Litipo, Noto, vichaka vya Newala huko, kwa hiyo kila mtu ana siku yake ndege alimchezea akili. Naanza mimi.

Nikiwa kidato cha pili mjomba alinichukua twende Rutamba kukata fito za kujengea banda (upande wa shambani kwake, siyo ndani ya hifadhi, msianze). Alfajiri bado kuna ukungu, mjomba kaenda kuchota maji mimi nimebaki na panga, mara nasikia mtoto mchanga analia. Siyo kama mtoto jamani, MTOTO kabisa, analia anavuta pumzi anaanza tena, af anajibiwa na mwingine upande wa pili. Nikasema leo ndo leo, hapa kuna mtu katupa mapacha au ndo yale mambo yetu ya kusini. Nilitoka mbio panga nikaliacha. Nikakutana na mjomba njiani na ndoo yake, akasikiliza kidogo, akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. Hondohondo! Kanionyesha, kama nane hivi juu ya mkuyu, weusi tumbo jeupe, mdomo mkubwa umebebeshwa kama pembe juu yake, wanakula matunda huku wanalia kama wamefiwa. Nyumbani ile stori imesimuliwa mpaka kwenye harusi yangu.

Korosho Daraja la Kwanza:
😂😂 Hao hao. Ila ukiwajua utawaheshimu. Jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti mlango unazibwa, anabaki na kaufa tu ka kutoa mdomo, dume ndo analisha nyumba nzima kwa wiki nyingi. Anameza matunda mengi anakuja anayatema moja moja anampitishia. Sasa wewe na manati yako ukimwangusha yule dume ujue umeua na waliomo ndani. Babu yangu alikuwa anatuchapa kwa hilo tu, mengine alikuwa anasamehe.

Mtu wa Nanyumbu:
Yangu ndefu kidogo mnivumilie. Nimekulia mjini, nimerudi kijijini 2014 karibu na mto Ruvuma, mzee mmoja wa Kiyao jirani yetu akanipeleka porini kutafuta asali. Tumetembea kidogo kuna kindege kama cha kijivu hivi, hata hakina uzuri, kikaanza kutupigia kelele karibu kabisa na uso, kelele kama mtu anatikisa kiberiti. Kinaruka kinatua mbele, kinatugeukia, kinaanza tena. Mimi nikaona kinatutukana, nikaokota jiwe. Mzee akanidaka mkono, akaniambia huyo ni sego, kwa Kiswahili mlembe, unampiga aliyekuja kukuita mezani?

Af mzee akamjibu. Anatetemesha ulimi "brrrrr" halafu anamalizia "hm" ya kifuani, brrrr-hm, brrrr-hm, huku tunamfuata kama saa zima hivi, miiba yote ya dunia hii iko miguuni kwangu. Kufika kwenye mti mmoja mnene kindege kikanyamaza kabisa, kimekaa pembeni kinatuangalia. Mzee kazunguka mti, kaonyesha juu: nyuki wanaingia wanatoka. Moshi, shoka, asali. Na masega yenye nta tulimwachia juu ya majani mabichi maana yeye anakula nta, asali hana shida nayo. Mzee anasema usipomwachia siku nyingine anakupeleka kwa simba, hilo sijalijaribu.

Baadae ndo nikaja kusoma kwamba watafiti walikwenda ng'ambo tu hapo, Niassa Msumbiji, kwa Wayao wenzetu, wakapiga ile sauti kwenye spika porini wakalinganisha na sauti zingine. Matokeo yalitoka 2016: kwa brrr-hm nafasi ya kufikishwa kwenye mzinga ilikuwa 54 kwa mia, kwa sauti zingine ni kama 16. Mzee wangu hajasoma hata darasa moja.

Ila msimpende sana huyo mlembe. Anataga kwenye viota vya ndege wengine na kifaranga chake kinazaliwa na ndoano mdomoni, kinawaua watoto wa mwenye nyumba kabla hakijafungua macho vizuri.

Bibie_wa_Newala:
Eeh kumbe nyoka mwenye mabawa. Mimi siyo sauti ya mdomo, ni ya MIGUU. Tuko wanawake watatu kwenye kuni, tunasikia mtu anatembea kwenye majani makavu, kwaru kwaru, anasimama, kwaru kwaru. Tukajua mlinzi wa msitu, tukainama na mizigo yetu kimyaaa, mgongo unawaka moto. Kumbe kororo! Kanga weusi wenye kishungi cha nywele kama wametoka saluni, wanaparua chini, na juu yao kuna ngedere wanakula matunda. Ngedere wanaangusha, kororo wanaokota, ndo wanavyoishi, wanawafuata kabisa. Mwenzetu akapiga chafya wote wakalipuka kek kek kek tukatupa kuni.

Na nyongeza: ukisikia vindege vidogo vinabishana chini chini sehemu moja msituni angalia miguu yako kwanza. Siafu wanapita hapo, vile vinasubiri wadudu wanaokimbia.

Mjukuu wa Mikindani:
Kulukulu, nimemwona Rondo tulipoenda msibani. Anakohoa kok kok kok kama mzee wa ugoro, unamtafuta humwoni maana ni kijani kama jani, mpaka aruke ndo mbawa zinawaka nyekundu. Nyekundu ile ina madini ya shaba ndani yake, niliokota unyoya nikauloweka kwenye maji ya sabuni ukaachia rangi. Jina lake la kizungu ni la Livingstone, na kwetu watu wanajua ndo yule David, mpelelezi aliyetua Mikindani 1866. Siyo, ni Charles, mdogo wake.

Ticha wa Rondo:
Mwezi wa 12, mvua za kwanza, usiku natahini, taa ya sola inawaka. PAA! dirishani. Nikajua mawe, kuna mwanafunzi nilimchapa juzi. Nikatoka na fimbo nakuta ndege kalala barazani, jamani sijawahi ona rangi kama zile: mgongo kijani, kifua kama chai ya maziwa, tumbo jekundu, mbawani vitone vya bluu vinavyong'aa, mkia kama umekatwa. Ni pita. Wanahama usiku wakifuata mvua waje kuzaa huku, na taa zinawapoteza. Nikamfunika na kapu mpaka asubuhi. Kufunua hakuruka, alishuka ngazi anadunda kama kuku akaingia kichakani. Wiki ya pili nikasikia "prrup!" huko huko, nikanyata nikamwona dume juu ya tawi anajirusha juu anatua pale pale, prrup, anarusha tena, tumbo lote nje. Niliacha kipindi cha kwanza kikapita.

Korosho Daraja la Kwanza:
Ticha kumbe ndo maana matokeo yako vile.

MpigaFito:
😂 Wakuu nimalizie yangu sasa maana niliificha. Mwaka juzi niko shambani nakata fito tena, nikasikia kilio kile kile, nikasema hanidanganyi mtu, hondohondo hao, nikaendelea na kazi yangu napiga na mluzi. Kama robo saa. Kumbe ni mtoto wa shemeji, mama yake kamlaza kivulini kaenda kuchimba muhogo, dogo kaamka kavamiwa na sisimizi. Mpaka leo shemeji akinipa chai anaiweka mezani bila kuongea.