Winnipeg Jets ya zamani na ya sasa: ni timu moja au mbili?

Mgeni wa Manitoba
Ndugu zangu, salaam. Nimehamia Winnipeg, Kanada, hivi karibuni, na kila ninapokaa na wenyeji mazungumzo huishia kwenye hoki ya barafu. Wengine husema Jets iliondoka ikarudi, wengine husema iliyorudi si ile iliyoondoka. Naomba anayefahamu anieleze ukweli ni upi, kwa nini iliondoka, na kama jimbo hili lina timu nyingine ambazo ninaweza kumpeleka mwanangu kuzitazama bila kutumia nusu ya mshahara.

Kipa Mstaafu
Karibu sana, ndugu. Jina ni moja na mji ni mmoja, lakini klabu ni mbili tofauti. Jets ya kwanza ilianza mwaka 1972 katika WHA, ligi iliyoundwa kushindana na NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, na ikatikisa mchezo mzima kwa kumchukua Bobby Hull kutoka Chicago kwa malipo ya awali ya dola milioni 1, ambayo klabu za ligi hiyo zilichangiana kuyatoa. Kisha ikawasajili Waswidi Anders Hedberg na Ulf Nilsson, wakati ambapo wengi Amerika Kaskazini waliamini kwamba mchezaji wa Ulaya hana ubavu wa kuhimili vishindo vya huku. Ilitwaa ubingwa wa WHA mara 3, mwaka 1976, 1978 na 1979, na ligi hiyo ilipovunjika ikaingia NHL pamoja na klabu za Edmonton, Quebec na Hartford.

Kilichoiondoa ni hesabu. Wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani ilhali viingilio vilikusanywa kwa dola ya Kanada, ambayo thamani yake ilikuwa ikishuka. Ukumbi ulikuwa umechakaa na hauna vyumba vya kifahari vya kutosha vya kukodishia makampuni. Na hapakuwa na kikomo cha mishahara cha kuzizuia klabu tajiri. Mwaka 1995 klabu ya Quebec ilihamia Denver, Marekani, na mwaka uliofuata Jets ikaenda Phoenix, huko huko Marekani, na kuitwa Coyotes.

Jets unayoiona leo ilikuwa Atlanta Thrashers hadi mwaka 2011, ilipouzwa kwa kampuni ya True North ya Winnipeg. Kufikia wakati huo ukumbi mpya ulikuwa umefunguliwa katikati ya mji mwaka 2004, na NHL ilikuwa imeweka kikomo cha mishahara mwaka 2005. Bila mambo hayo mawili, mapenzi ya mashabiki pekee yasingetosha, kwa sababu mwaka 1996 mapenzi hayo yalikuwepo na timu ikaondoka vilevile.

Binti wa Mto Mwekundu
Namshukuru Kipa kwa maelezo, ila naona ameanzia katikati. Winnipeg Victorias walilitwaa Kombe la Stanley, ambalo leo ni kombe la bingwa wa NHL, mwezi Februari 1896 kwa kuwafunga Victorias wa Montreal mabao 2 kwa 0 huko huko Montreal, na kipa wao, Whitey Merritt, alijikinga miguu kwa pedi za kriketi, jambo lililokuwa geni kwa watazamaji wa mashariki. Walilitwaa tena mwaka 1901.

Kwa mgeni kama wewe, hata hivyo, ningependa zaidi uwajue Winnipeg Falcons. Karibu wote walikuwa wana wa wahamiaji kutoka Iceland, ambao timu kubwa za mji ziliwabagua, na baadhi yao walikwenda vitani Ulaya katika Vita vya Kwanza vya Dunia kabla ya kurudi kucheza. Mwaka 1920, chini ya nahodha Frank Fredrickson, waliiwakilisha Kanada huko Antwerp, Ubelgiji, hoki ya barafu ilipochezwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, wakaifunga Uswidi 12 kwa 1 na kurudi na dhahabu.

Mpenda Ligi Ndogo
Mimi nijibu la mtoto. Tiketi za Jets ni ghali, hasa baada ya msimu wa 2024–25, ilipoongoza NHL nzima kwa pointi na kipa wake Connor Hellebuyck akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Manitoba Moose hucheza katika ukumbi uleule kwa bei nafuu zaidi, na ndiko vijana wa Jets hupikwa. Moose nayo ina historia ya kuhamahama: ilitoka Minnesota mwaka 1996 kuziba pengo la Jets, ikapelekwa St. John's, mashariki ya mbali ya Kanada, mwaka 2011 Jets iliporejea, kisha ikarudishwa mwaka 2015.

Mkipata usafiri, nendeni Brandon, takriban kilomita 200 magharibi, mkawaone Wheat Kings, timu ya vijana ambao wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20. Winnipeg nayo ilikuwa na timu ya ngazi hiyo, Ice, iliyokuja mwaka 2019, lakini ilicheza katika ukumbi mdogo wa chuo kikuu, ukumbi mpya haukujengwa, na mwaka 2023 ikauzwa na kupelekwa Wenatchee, Marekani. Kwa Moose, chagueni mechi ya Jumapili mchana, na mtoto avae koti hata ndani ya ukumbi.