Namba za kwenye ski zina maana gani? Nakodi wiki ijayo

BondeLaInn: Wakuu salama? Niko Innsbruck, Austria, wenzangu wa kazini wananipeleka mlimani wikendi ijayo na sijawahi kuvaa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Dukani nimeona jozi imeandikwa 124-76-108, R 14, urefu 160, halafu ukiiweka chini katikati inainuka, haigusi sakafu. Ni mbovu au? Nina sentimita 173.

Mzee_wa_Tirol: Sio mbovu mkuu. Hizo tatu ni upana kwa milimita, ncha ya mbele, kiuno pale chini ya buti, halafu mkia. Kiuno kimebanwa makusudi, ukiilaza ski ubavu na kuikandamiza inajipinda na ule ukingo wa chuma unachora tao kwenye theluji, yani ski yenyewe inakukatia kona. R 14 ni nusu kipenyo cha tao la huo ubavu uliobanwa, mita 14, R ikiwa ndogo kona inakuwa fupi, ikiwa kubwa inataka spidi. Zamani ski zilikuwa karibu zimenyooka kabisa na kukata kona vizuri ilikuwa kazi ya miaka, kiwanda cha Elan cha Slovenia kilipotoa ski ya SCX iliyobanwa kiuno mwaka 1993 viwanda vingine vikafuata. Ukipewa iliyonyooka eti ya kujifunzia, kataa.

dada_theluji: Huko kuinuka katikati ndo uzuri wake, ukisimama uzito wako unaibonyeza na kusambaa mpaka ncha na mkia, hapo inang'ata hata theluji ngumu. Ila mgeni omba yenye roka kidogo, ncha inaanza kupanda mapema kwa hiyo inageuka kirahisi haikunasi. Kiuno cha 100 kwenda juu ni cha theluji laini ya kina, hiyo 76 inakutosha kwenye njia zilizosawazishwa. Urefu uishie kati ya kidevu na pua, bora 155 kuliko 160.

BondeLaInn: Asanteni sana. Baindingi, vile vibano vinavyoshika buti kwenye ski, naweza kukaza mwenyewe?

Mzee_wa_Tirol: Usiguse ndugu yangu! Fundi anaiseti kwa uzito, urefu, umri, uwezo wako na urefu wa soli ya buti. Mwambie ukweli kwamba hujawahi, maana ikikazwa sana ukianguka buti halifyatuki na goti ndo linaumia, ikilegea nayo inachomoka katikati ya kona. Na buti zako za kukodi uende nazo hapohapo kwa fundi, asiseti kwa kupimia buti za mtu mwingine.