Tupeane uzoefu: kutoka siku ya matokeo ya mtihani wa Baraza hadi kushika leseni ya uuguzi

Wauguzi na wakunga wenzangu, poleni na zamu. Mdogo wangu amemaliza stashahada na anasubiri matokeo ya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hapa nyumbani Igoma, Mwanza, kila mtu anaamini kwamba akishafaulu, kesho yake atavaa sare na kuingia wodini. Naomba tuliopita njia hiyo tueleze yaliyotupata, hasa kipindi cha kati ya matokeo na leseni, kwa sababu ndicho kisichosimuliwa.

Naanza mimi. Matokeo yalinikuta Mwaloni, Kirumba, nikimsaidia mama kupimia wateja dagaa. Mwenzangu alipiga simu kusema yametoka. Nikafuta mikono kwenye kanga ya mama, nikatafuta namba yangu ya mtihani na kuisoma mara tatu, huku mama ameshikilia sado iliyojaa bila kuimimina. Nilipomwambia nimefaulu, alipiga vigelegele hadi wachuuzi wa meza za jirani wakaja kutupongeza.

Furaha ile ilikuwa ya haki, lakini kufaulu kulinipa sifa ya kuomba tu. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mwenye astashahada huorodheshwa, mwenye stashahada au shahada husajiliwa, na bado anahitaji leseni ndipo afanye kazi. Hapo ndipo nilipokwama, kwa kuwa jina langu la ukoo lina herufi «l» kwenye cheti cha kuzaliwa, na chuoni liliandikwa kwa «r». Niliiona tofauti hiyo tangu mwaka wa kwanza nikaidharau. Ilinibidi niende kwa wakili kuandaa hati ya kiapo, kisha nirudi chuoni kuomba marekebisho, na wiki zikapita huku wenzangu niliofaulu nao wakiwa tayari wanatuma maombi ya ajira.

Kutoka Sengerema:
Dada, asante kwa kulianzisha. Mimi mara ya kwanza sikufaulu, na nalisema waziwazi kwa ajili ya anayesubiri. Nilijifungia chumbani siku mbili nikimwambia bibi kwamba naumwa malaria. Aliniletea uji bila kuuliza neno, na siku ya tatu akanishika paji la uso akasema, «Mjukuu wangu, malaria hii haina homa. Niambie.» Nikalia, nikamwambia.

Nilipoyarudia madaftari niligundua kwamba nilikuwa nimekariri majibu ya mitihani iliyopita. Hesabu za dripu ndizo zilizonishinda zaidi: lita 1 iingie kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita, je, ni matone mangapi kwa dakika? Kanuni niliijua, lakini nikiulizwa kwa namna nyingine nilipotea. Mama mmoja jirani yetu, muuguzi mstaafu, alijaza maji kwenye chupa tupu ya dripu, akaitundika kwenye msumari sebuleni kwake, akanipa saa yake ya kifuani na kuniambia nifungue taratibu, nihesabu, nirekebishe, hadi nifike matone 42 kwa dakika. Nilifanya hivyo jioni nyingi, na tangu hapo nikisoma swali la namna hiyo nayaona matone yakidondoka.

Mara ya pili nilifaulu. Daraja la Kigongo–Busisi, la kuvukia Ziwa Victoria kuja Mwanza, lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo siku ya kufuatilia nyaraka nilivuka kwa kivuko, bahasha ya vyeti nikiwa nimeifunga kiunoni kwa kanga.

Kutoka Nansio, Ukerewe:
Mimi nilifaulu mara ya kwanza, lakini jaribu langu lilikuwa jingine. Kabla leseni haijatoka, zahanati moja ya mtu binafsi ilinitaka nianze kuchoma sindano na kuzalisha, kwa ahadi kwamba leseni ingefuata. Mjomba, aliyenilipia ada, alikasirika nilipokataa. Nilimwambia, «Mjomba, mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua mikononi mwangu, nitasimama mbele ya watu wake kama nani?» Alinyamaza. Niliuza samaki miezi ile yote, na sijutii.

Kutoka Nyegezi:
Kwa wa shahada, msisahau kuwaambia wazazi mapema kwamba kuna mwaka 1 wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo. Baba yangu alidhani nimefeli na ninamficha. Vilevile leseni huhuishwa, na utatakiwa kuonyesha alama za mafunzo endelevu ya kitaaluma, kwa hiyo tunzeni vyeti vya kila semina.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru sana, na dada wa Sengerema, mfikishie bibi shikamoo yangu. Jioni hii nimemsomea mdogo wangu yote, kisha tukatandaza vyeti vyake mkekani na kulinganisha jina kwa jina, herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne hakina jina la katikati, ilhali vingine vyote vinalo. Kesho saa 2 asubuhi tunakwenda kwa wakili, kabla matokeo hayajatoka.