Unaomba ESC ya gari, unauziwa ya ndege, ikiungua unaambiwa "hii ni ya ndege"

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Nina gari la rimoti, saizi ya 1/10 ya gari halisi. ESC yake, kile kidude kinachoipa mota umeme na kuamua spidi yake, niliiua mwenyewe kwa maji, hilo silipingi. Nikaenda kwa muuzaji mmoja hapa Arusha mjini, nikamwambia kabisa nataka ya gari. Akanitolea ya ampea 40, kijitu chembamba kimevishwa plastiki ya njano. Nikamuuliza, hii si ya ndege za rimoti? "Bosi, ESC ni ESC, mota ni ile ile, we chomeka tu." Elfu 45 ikatoka.

Nikafika zangu Sakina, nikaunga kwa risasi waya tatu za mota, nikachomeka betri. Tii, tii, tii, haiamki. Imefika saa nne usiku ndiyo naelewa: ESC ya ndege haiamki mpaka ikute mafuta (ile spidi unayoiomba kwa rimoti) yapo chini kabisa, yaani rimoti inatuma mapigo ya mikrosekunde kama 1000. Rimoti ya gari, hizi zenye umbo la bastola, ukiachia trigga inakaa 1500, maana upande mmoja ni wa mbele na mwingine ni wa breki na rivasi. Kwa ndege, 1500 ni nusu ya mafuta! Nikasukuma trigga upande wa breki, ikaamka. Nikaachia kidole, gari likatimka lenyewe, likapita chini ya meza na kubamiza ndoo ya maji. Gari linasimama ukilishikilia, linakimbia ukiliachia. Mke wangu alicheka, mimi sikucheka.

Basi nikaifundisha upya: unaiwasha umevuta trigga mpaka mwisho, ikilia unaachia katikati. Ikakubali. Ila rivasi hakuna, ukigonga ukuta unatembea mwenyewe kwenda kuligeuza. Breki ipo kwenye mipangilio, lakini ile ni ya kuzuia panga (propela) la ndege lisizungushwe na upepo. Huwezi kuipima kwa kidole, ukiachia mafuta tu inashika.

Jumapili nikaenda nalo uwanjani. Panga la ndege linaanza kuzunguka likiwa jepesi, mzigo unaongezeka kadiri spidi inavyopanda, na lenyewe linaipulizia ESC upepo. Gari ni kilo karibu mbili, kila ukiondoka unaivuta yote kutoka sifuri, na ESC imefunikwa na bodi, haina feni wala bamba la maana la kutoa joto. Betri ya kwanza haijaisha nikasikia harufu. Ile plastiki ya njano imevimba, imekuwa nyeusi katikati. Ilipokufa ikaondoka na umeme wa risiva, kile kipokezi cha rimoti ambacho ESC ndiyo hukilisha, usukani nao ukafa, gari likanyoosha mpaka mtaroni. Mkono mmoja wa mbele umevunjika.

Jumatatu nikairudisha dukani. Anaigeuza geuza, halafu ananiambia, bila aibu: "Bosi, hii ni ya ndege, umeitumia vibaya."

Na nyie mtakaokuja na "ungeweka programu ya kuzunguka pande mbili", najua zipo ESC za droni zinazokubali. Hii haikubali, na mimi nilienda kununua ya gari, sikwenda kununua mradi.

Mwenye ESC ya gari, ampea 60, yenye feni, Arusha au Moshi, aje inboksi. Picha ya boksi kwanza, bei baadaye.