Mjadala: amri za klasta akae nazo fundi wa Tanga au mkandarasi wa Dar?

Fundi wa Chumbageni

Wadau, naileta hapa kwa sababu kijiweni tumeshindwa kuelewana na kahawa imekwisha.

Kuna ofisi moja ya umma hapa mjini, siitaji, na anayeijua naye aistiri. Kumbukumbu za wateja wake zinakaa kwenye klasta ya MariaDB Galera, yaani kanzidata moja inayobebwa na seva tatu, kila moja ikiwa na daftari lile lile. Mbili ziko chumba kimoja ghorofani. Ya tatu iko jengo la pili, ng'ambo ya uwanja, pamoja na madirisha ya malipo. Mimi ni fundi wa hapo. Mkataba unasema amri zote za usimamizi anazo mkandarasi aliyeko Dar es Salaam. Mimi nimepewa paneli ya kutazama: duara tatu, kijani ni nzima, nyekundu ni maafa. Vitufe vimo, ila vimepauka, ukivibonyeza havisikii.

Siku hiyo umeme ulikatika saa nne asubuhi. Jengo la pili lina genereta yake, ikawaka. Letu ikagoma, na betri ya akiba ikaishiwa pumzi. Seva mbili zikazima ghafla bila kuaga, ya tatu ikabaki hai peke yake.

Kwa asiyejua: Galera inahesabu akidi kama kikao. Wajumbe watatu, akidi ni wawili. Aliyebaki mmoja hana akidi, kwa hiyo anakataa kuandika, anakataa hata kusomewa, na ukimuuliza hali anakujibu `non-Primary`. Hajaharibika, amegoma tu. Hajui kama wenzake wamekufa, au wako hai upande wa pili wa waya uliokatika wanaendelea kupokea malipo bila yeye. Akijitangaza mkubwa na kumbe wenzake wapo, mtakuwa na daftari mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja, na kuzioanisha ni kilio.

Aliyeko Dar hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Seva iliyokufa na seva isiyofikika, ukizitazama kwa mbali, ni mapacha. Mimi nilipanda ngazi, nikafungua mlango, nikaweka kiganja juu ya mashine. Feni kimya, taa hakuna hata moja. Zimekufa. Kilichobaki ni mstari mmoja wa kuiambia ile ya tatu ianze kikao peke yake:

`SET GLOBAL wsrep_provider_options='pc.bootstrap=YES';`

Naujua kwa kichwa. Ruhusa ya kuuandika sina. Simu ya mkandarasi ilipokelewa saa tisa na nusu, foleni imeshatoka dirishani imefika kwenye mwembe.

Swali langu: mifumo ya umma iliyoko mikoani, amri zake akae nazo nani?

Mkandarasi

Si mimi niliyechelewa kupokea simu, lakini kazi yangu ni hiyo hiyo na nina wateja mikoa mitatu. Ngoja niseme ambalo fundi kaliruka.

Skrini nyeusi, ile ya kuandikia amri kwa mkono, haina huruma. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, mtu mzoefu, usiku, amechoka, alikuwa anahangaika na replika, yaani seva ya nakala, ya kanzidata ya PostgreSQL iliyoshindwa kumfuata kiongozi wake. Akaamua afute data ya replika aanze upya. Akadhani yupo kwenye seva ya replika, kumbe yupo kwenye ya kiongozi. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili: kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Programu ya kutoa bakapu, pg_dump, iliyokuwa ikitumika ni ya toleo la 9.2 wakati kanzidata ni 9.6, hivyo bakapu zilikuwa hazitoki, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Data ya saa kama sita ikaenda na maji.

Hao ni GitLab, wenye wahandisi wa kumwaga. Sasa mimi nimpe ufunguo kila fundi wa kila mkoa? Akikosea, jina lililo kwenye mkataba ni langu.

Binti Makorora

Mimi kompyuta sizijui ila foleni za hivyo nazijua, nimesimama na mtoto mgongoni mpaka kanga ikalowa. Swali la kijinga: huo mstari wenu mmoja ukikosewa, hela niliyolipa asubuhi inapotea?

Fundi wa Chumbageni

Dada, si la kijinga, ndilo lenyewe hasa. Ulicholipa kabla umeme haujakatika kipo salama, maana Galera haisemi "tayari" mpaka muamala uwe umewafikia wenzake wote waliomo kikaoni. Hatari ni baada yake. Nikiiamsha ya tatu wakati zile mbili ziko hai, wewe unalipia huku, jirani yako analipia kule, na hesabu haziji kukutana. Kuzirudisha pamoja ni lazima upande mmoja utupwe. Risiti yako ikiwa upande huo, utarudi dirishani kubishana na karatasi yako mkononi. Ndiyo maana nasema mwenye kuandika mstari ule awe ni yule aliyegusa mashine.

Mtoto wa Barabara ya 12

Yakhe, umetuambia umeigusa kwa kiganja. Hicho nacho ni kipimo cha kitaalamu?

Fundi wa Chumbageni

Tena ndicho bora. Kebo ya mtandao huchomoka, taa za swichi hudanganya, lakini mashine isiyo na umeme haipokei malipo ya mtu.

Mwalimu wa Pongwe

Mkandarasi, GitLab umeisimulia vizuri, ila umeisimulia nusu. Kilichowaumiza zaidi ni bakapu ambazo hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzifungua kuona kama zina kitu. Kosa la kidole lingekuwa usumbufu wa saa chache tu.

Na si kila chombo cha amri ni bubu. Patroni, inayoendesha klasta za PostgreSQL, ukiiambia `patronictl remove` inakutaka uandike jina la klasta kwa mkono wako, halafu sentensi nzima ya kukiri kwamba unajua unachofanya, halafu kama klasta ina kiongozi umtaje kwa jina. Hata upande wa mke siku ya posa hawahoji hivyo. Paneli zenu ni kitufe kimoja na "Sawa".

Tena paneli si malaika. Chini yake zinapita amri zile zile, ila aliyeziandika ni mtu wa siku nyingine asiyeijua hali ya leo. GitHub, nao ni wahifadhi wa kodi za programu, tarehe 21 Oktoba 2018: mawasiliano kati ya vituo vyao yalikatika sekunde 43. Programu ya kuchagua kiongozi wa MySQL ikahamishia uongozi upande wa pili wa Marekani bila kumuuliza mtu, na kule nyuma kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayajavuka. Sekunde 43 zile ziliwagharimu saa 24 na dakika 11 za huduma kuchechemea, kwa sababu waliamua kuokoa data kwanza, kasi baadaye. Walioamua hivyo ni watu, kwa kichwa na kwa amri.

Wanafunzi wangu nawaambia: kabla ya kuandika chochote kinachobadilisha, andika kwanza kinachouliza. Kwenye Patroni ni `patronictl list`, na kwenye kanzidata nyingine, Cassandra ni `nodetool status`, MongoDB ni `rs.status()`. Lisome jibu lake kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti, kama kichaa.

Mwanasheria Mstaafu

Nyote mnaongelea seva, hakuna aliyewaongelea watu waliomo ndani yake. Majina, simu, nyumba wanazokaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwenye ruhusa kamili kwenye skrini nyeusi anaandika `mysqldump`, amri ya kunakili kanzidata nzima, anaondoka na wateja wote kwenye flashi mfukoni, anapanda basi Kange. Paneli ya kutazama haimpi nafasi hiyo.

Na msiniambie historia ya amri itamfichua. Mpwa wangu ni wa fani hiyo, alinionyesha: kwenye Ubuntu, ukianza amri kwa kugonga nafasi moja tu, historia haiiandiki. Nafasi moja! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Mkandarasi

Asante, mzee wangu. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Fundi wa Chumbageni

Mzee, hapo umenipata, na nimeomba vibaya. Ruhusa kamili siitaki. Nenda kwenye `sudo`, chombo cha kugawa ruhusa za amri: inawezekana kuandikwa kwamba mtu huyu, kwenye seva hii, ana skripti tatu tu. Ya kwanza inaonyesha hali ya klasta. Ya pili inazima seva kwa adabu, ili siku genereta ikianza kukohoa niziweke chini kwa mpangilio badala ya kungoja ziporomoke. Ya tatu ndiyo ule mstari. `mysqldump` haimo, hivyo hakuna cha kutia mfukoni. Na kumbukumbu ya `sudo` haitegemei historia ya terminali. Inaweza kutumwa papo hapo kwenye seva ya mkandarasi huko Dar, ambako mimi sina mkono wa kuifuta. Nafasi moja au nafasi kumi, ataona.

Lakini Mkandarasi naye anijibu hili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na tunakumbuka wote intaneti ilivyokuwa inakwama. Siku kama ile akiwa na amri zote yeye peke yake, anaziandikia wapi?

Mkandarasi

Nyaya za bahari zikikatika, Dar na Tanga bado zinaonana kwa njia za ndani ya nchi, tusichanganye. Ila nakubali: kama mfumo wangu wa kuingilia umepangishwa Ulaya, na wengi wetu ndivyo tulivyo, basi siku hiyo nami ni mtazamaji kama wewe. Hilo nalibeba.

Sasa beba na wewe lako. Tanga ni waja leo waondoka leo, na mafundi ni hivyo hivyo. Nimewahi kumfundisha kijana mkoa fulani miezi minne, akawa anaweza kusoma `grastate.dat`, faili ambamo Galera inaandika seva ilipoishia, anajua kwamba `seqno`, namba ya muamala wa mwisho, ikiwa -1 seva ilikufa vibaya na hapaswi kuianzisha kabla ya kulinganisha na wenzake. Akahamishwa. Aliyekuja alikuta `safe_to_bootstrap: 0`, yaani seva hii si salama kuanzisha klasta, akasoma kwenye mtandao kwamba ukiibadilisha kuwa 1 klasta inawaka, akaibadilisha kwenye seva iliyokuwa nyuma ya wenzake. Klasta iliwaka kweli. Iliwaka na data pungufu, na zile nyingine zikajiunga zikafutwa zikalingana nayo. Tulirudi kwenye bakapu ya usiku. Skripti zako tatu nazikubali, bwana mdogo. Naogopa atakayekuja baada yako.

Babu wa Bandarini

Wanangu, mimi nilikuwa mtunza stoo miaka mingi. Stoo yetu ya vitu vya thamani ilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwa bwana mkubwa. Akisafiri, anauacha kwenye bahasha iliyotiwa lakiri kwa mtu wa tatu, na bahasha ikifunguliwa lazima iandikwe kwenye kitabu: nani, saa ngapi, kwa nini. Katika miaka yote ilifunguliwa mara mbili. Mara moja kwa moto, mara moja kwa sababu bwana mkubwa aliondoka na miwani yangu kimakosa akaniachia yake.

Hiyo skripti ya tatu ya fundi iwekeni kwenye bahasha.

Mwalimu wa Pongwe

Babu kamaliza utaratibu. Nami nina la ufundi ambalo nashangaa halijasemwa tangu asubuhi. Mnagombania nani aamshe klasta, na hakuna aliyeuliza kwa nini ililala. Wajumbe wawili kati ya watatu mmewaweka chumba kimoja, betri moja, genereta moja. Chumba kile kikizima, akidi imekwenda, hata amri azishike malaika. Kila jengo lingekuwa na seva moja, na mjumbe wa tatu mahali pengine penye umeme wake, siku ile pangezima mmoja, wawili wangebaki na kikao kingeendelea. Binti Makorora asingejua kama kuna kilichotokea.

Kama hakuna pa kuweka seva kamili, Galera ina `garbd`. Ni mpiga kura asiyebeba data. Anasikiliza mazungumzo yote na kupiga kura basi, hahitaji mashine kubwa. Kompyuta ndogo yenye betri yake na mtandao wa uhakika inatosha, ilimradi isiwe kwenye umeme wa jengo lolote kati ya hayo mawili. Getini kwa mlinzi, kwa mfano. Seva moja kati ya zile mbili za ghorofani itoeni kikaoni, ifanyeni ya bakapu, na mzifungue hizo bakapu mwone kama zina kitu.

Mkandarasi

Klasta ile aliichora nani?

Fundi wa Chumbageni

Michoro ilikuja na zabuni, kutoka huko huko kwenu. Ila sibishi, mwalimu, nimekaa nayo miaka miwili na sikuwahi kuuliza. Nimetoka sasa hivi getini kwenda kutazama. Kibanda kina umeme wake kweli, mita yake mbali. Soketi ni moja, na mlinzi kachomeka birika.

Mtoto wa Barabara ya 12

Mwombe kwa upole. Na uende na vitumbua.