Mrejesho: picha za bibi harusi chini ya maji

Niliuliza kwa nini picha za modeli mwenye shela bwawani zilitoka za buluu, zimejaa vidoa vyeupe. Mlikuwa sahihi. Vidoa ni chembe za majini zinazomulikwa na flashi iliyo karibu na lenzi. Flashi mbili zikisogezwa mbali pembeni, vinapungua sana. Ubuluu hutokana na maji kumeza mwanga mwekundu, hivyo punguza maji kati yenu: tumia lenzi ya pembe pana (inayonasa eneo kubwa ukiwa karibu) na ukae mita 1 hadi 1.5 kutoka kwa modeli. Shifoni, kitambaa chepesi chembamba, huelea vizuri. Gauni la matabaka mengi hunywa maji na kumvuta mtu chini, hatari hiyo! Mwokoaji awe majini muda wote, na shela ivulike kwa mkono mmoja. Ah, na mashavu ya modeli yasivimbe: atoe pumzi kidogo akizama.